Uchovu Usioisha kwa Kulala

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha afya ya wafanyakazi, Gunilla, muuguzi mkongwe wa pale, hakunionyesha dawa wala mashine. Alinipeleka chumba cha kungojea, akanionyesha kiti cha pembeni na kusema, "Kaa hapa mpaka chakula cha mchana. Tazama watu wanavyokaa." Kisha akaenda zake. Nilikuwa muuguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne, niliyefunzwa Machakos na kuanza upya hapa Uswidi kwa kuosha wazee huku nikisoma lugha yao usiku. Nilijiambia huyu mama ananidharau. Nikakaa, nikanuna, nikatazama.

Adhuhuri alirudi. "Umeona nini?"

Nikamwambia mmoja anachechemea na mwingine anakohoa.

"Na yule wa koti la kijivu?"

"Yule hana kitu. Amekaa tu."

"Amekaa dakika arobaini ndani ya nyumba yenye joto bila kufungua koti," Gunilla akasema, "na mgongo wake haujagusa kiti. Yule ndiye mgonjwa kuliko wote."

Huo ndio uliokuwa utangulizi wangu. Nimestaafu tangu Machi, na ninyi mliobaki, hasa nyinyi wadogo zangu mnaozungumza Kiswahili na wagonjwa wenu katika vituo vya kusini mwa Stockholm, mmeniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye miongozo. Vyeti mtaviona ukutani, nilivipata viwili na cha pili kiliandikwa jina langu vibaya. Nitaandika kuhusu kitu kimoja tu, kwa sababu ndicho kilichonila miaka mingi na ndicho mtakachokutana nacho kila wiki: watu wanaochoka mpaka kulala hakuwasaidii tena.

Waswidi wana neno lao, wanasema mtu ameungua akaisha. Sisi hatuna neno moja. Tunasema nimechoka, na neno hilo tunalitumia kwa aliyepanda ngazi na kwa aliyekwisha kabisa. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa Södertälje, kwa wafanyakazi wa viwandani. Nilipima masikio yao katika kibanda kidogo kisichopitisha sauti, nikapima presha, nikakagua migongo na mikono. Kazi ya mikono ina uaminifu wake. Mtu akiumia bega, bega linakwambia. Nilidhani na uchovu ni hivyo hivyo: ukifanya kazi saa nyingi unachoka, ukipunguza saa unapona. Ni hesabu nzuri, kasoro yake ni kwamba si ya kweli.

Aliyenifundisha hivyo ni fundi mmoja, nitamwita Lennart. Alikuwa msimamizi wa zamu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono kama makoleo. Saa zake hazikuwa zimeongezeka hata moja kwa miaka ishirini. Lakini alikuja kwangu na mapigo ya moyo yanayokimbia, hasomi hata ukurasa mmoja wa gazeti akaelewa, anamfokea mke wake kwa sababu ya kijiko. Nilimuuliza kila kitu kuhusu muda wake wa kazi. Gunilla, aliyekuwa ameketi pembeni kimya, akauliza swali moja: "Lennart, kitu gani ulikuwa ukiamua mwenyewe zamani ambacho sasa huamui?"

Yule mzee akasema zamani yeye ndiye aliyepanga nani afanye kazi gani katika zamu yake. Alimjua anayeumwa goti, alimjua aliyegombana na mkewe, akawapanga kulingana na hali zao. Sasa mpango unatoka kwenye kompyuta, na yeye amebaki kulaumiwa usipofanya kazi. "Bado naitwa msimamizi," akasema. "Sijui nasimamia nini."

Andikeni hilo mahali. Mzigo mzito una madhara yake, lakini mzigo ambao huna sauti juu yake humaliza mtu haraka zaidi. Ongeza hapo kutothaminiwa. Ongeza kutokuwa na mtu wa kumwambia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukimfunga mtu mkono kwa mashine ya presha.

Mnaweza kudhani kwamba baada ya somo kama hilo nilikuwa tayari. Sikuwa tayari. Sasa nije kwa Consolata.

Consolata si jina lake. Amenipa ruhusa nisimulie, na jina amelichagua mwenyewe, baada ya kulifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiria likizo. Ni Mrundi, wakati huo alikuwa na miaka hamsini na moja, akiishi Alby, kitongoji cha kusini mwa Stockholm, akifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Mimi na Gunilla tulikuwa tumehamia kituo kidogo cha karibu na mjini. Mwajiri wake alimtuma kwangu kwa sababu alikuwa amesahau kumpa mzee mmoja dawa, na katika miaka kumi na miwili hakuwahi kusahau kitu.

Aliingia, akasikia lafudhi yangu, akapiga makofi. "Ee Mungu wangu! Hapa nako kuna mtu wa Kiswahili?"

Tulifurahi mno. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Tulizungumza kuhusu baridi, kuhusu unga mzuri unapatikana wapi Hallunda, kuhusu watoto wanaojibu kwa Kiswidi ukiwasemesha Kiswahili. Nusu ya muda wetu ikaisha tukicheka. Nilipomuuliza hali yake, akasema, "Niko sawa tu, dada. Namshukuru Mungu. Ni usingizi kidogo tu unanisumbua." Nami nikaamini, kwa sababu alisema akitabasamu, na kwa sababu lilikuwa jibu ambalo hata mimi ningetoa.

Nikampa fomu ya maswali. Alijaza kila swali upande wa afya njema. Baadaye sana aliniambia alifikiri fomu ile itasomwa na meneja wake, kwa hiyo aliijaza kama mtu anayeomba kazi. Presha ilikuwa juu. Nikaandika kwamba ipimwe tena. Nikampa kijikaratasi cha ushauri: lala mapema, tembea nje, punguza kahawa. Alikikunja vizuri, akakitia ndani ya Biblia yake ndogo, akanishukuru kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa simu na msichana aliyezungumza Kiswidi cha haraka.

"Wewe ndiye muuguzi uliyemwambia mama yangu apunguze kahawa?"

Nikasema huenda ni mimi. Mama yake ni nani?

Akanitajia. Alikuwa Nadine, binti wa Consolata, wakati huo akiwa na miaka kumi na sita. "Mama hanywi kahawa," akasema. "Hajawahi kunywa. Ungemuuliza."

Halafu akaniambia kilichotokea. Asubuhi hiyo mama yake alishuka kituo cha treni cha Alby kama kila siku. Treni ya kwenda mjini ikaja upande mmoja, ya kuja huku kusini ikaja upande wa pili, na yeye akasimama katikati asijue ipi ni yake. Amepanda treni ile miaka kumi na miwili. Akaketi kwenye benchi angoje akumbuke. Simu ya kazini ikawa inalia mkononi, kila mara jina la mzee mwingine anayemngoja, naye aliliona jina lakini asiweze kuamua aguse wapi. Nadine alimkuta pale saa tisa alasiri, akirudi kutoka shule. Alikuwa amekaa tangu saa moja asubuhi.

"Nilimwambia twende nyumbani," Nadine akasema, na hapo sauti yake ikavunjika. "Akaniuliza, ni upande gani?"

Hospitali walimchunguza kichwa na moyo, wakakuta hakuna damu iliyovuja wala mshipa ulioziba. Wakampumzisha, wakaturudishia sisi.

Nilikwenda ofisini kwa Gunilla, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu, mpaka habari ya kahawa. Nilitaka anikemee. Kukemewa kungenipumzisha. Yeye alimimina chai yake taratibu, naye alikuwa na miezi michache tu kabla ya kustaafu, akasema, "Mimi nilimwambia mjane aende na mumewe likizo. Unataka kulia sasa au baada ya kupanga kazi?"

Nikasema baada ya kupanga kazi.

"Vizuri. Nyumbani kwake anangojewa na nani?"

Sikujua. Saa nzima na mtu wa lugha yangu, nikajua anaponunua unga, nisijue anangojewa na nani.

Basi Consolata aliporudi, akishikwa mkono na Nadine, sikutoa fomu. Nilitoa karatasi kubwa niliyoichora mwenyewe kwa rula, yenye siku saba na saa zote za siku, na penseli mbili za rangi. Wengi wenu mmeiona karatasi hiyo, na wengine mnaitumia ndani ya kompyuta, nasikia inapendeza. Mimi nashauri karatasi. Mtu akipaka rangi kwa mkono wake, hawezi kubishana na alichopaka.

"Mama Nadine," nikamwambia, "nyekundu ni saa ambazo mtu mwingine ndiye anaamua unafanya nini. Kijani ni saa zako. Kwanza nataka nikuombe radhi kwa mara ile."

"Radhi ya nini, dada?"

"Sikukuuliza."

Alichukua penseli nyekundu akaanza. Ilichukua muda mrefu, maana mkono ulikuwa ukisimama katikati ya mraba na yeye akisahau alikuwa anapaka nini. Lakini alipokuwa akipaka alizungumza, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo kwangu ni kazi.

Nyumba kumi na moja kila asubuhi. Ratiba inakuja kwenye simu, na aliyeipanga amehesabu mwendo wa mtu asiyekanyaga theluji. Mama mmoja mzee hataki kula akiwa peke yake, kwa hiyo Consolata humkalia anapokula, na dakika hizo huzitoa kwenye mapumziko yake. Wafanyakazi wapya wasiojua Kiswidi vizuri humpigia yeye awatafsirie, hata siku zake za mapumziko, kwa sababu anajua Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Meneja humwita mwamba wa timu.

"Na nyumbani?" nikauliza.

"Nyumbani yuko Baba Nadine." Mume wake, Pascal, alikuwa amepigwa na kiharusi miaka miwili kabla. Upande wa kulia haukuwa na nguvu. Anamwinua asubuhi kabla ya kwenda kuinua wazee, anarudi jioni anamwinua tena. Usiku anamgeuza mara mbili. Halafu kuna simu za Bujumbura, maana yeye ndiye mkubwa kwao, na hakuna ugomvi unaoisha bila yeye kusikilizwa. Halafu kuna kanisa, ambako ndiye mkuu wa jikoni.

"Kazini wanajua habari za Baba Nadine?"

Alinitazama kama niliyemtukana. "Mambo ya nyumbani niyapeleke kazini?"

Nadine, aliyekuwa dirishani, akasema kwa Kiswidi, "Hakuna anayejua. Hata kanisani wanafikiri kuna daktari anayemfanyisha baba mazoezi, kumbe ni mama peke yake."

Karatasi ilikuwa nyekundu yote. Nikamsogezea penseli ya kijani. Aliishika, akatafuta Jumatatu, akatafuta Jumanne. Mwishowe akapaka mstari mwembamba Jumatano alasiri.

"Hapa ni nini?" nikauliza.

"Hapa basi husimama kwenye taa, zile za daraja," akasema. "Huwa zinachelewa." Halafu akaiona karatasi nzima kwa mara ya kwanza, akaweka penseli mezani, akafunika uso. Alilia bila sauti. Nadine akaja akamkumbatia kwa nyuma, akimwambia kwa Kiswahili ambacho sikujua anacho, "Pole, mama. Pole. Pole."

Daktari wetu alimwandikia mapumziko ya kazi. Lakini msidhani kupumzika pekee kulitosha. Ukimtoa mtu kazini ukamrudisha kwenye ile ile nusu nyingine ya karatasi, umempunguzia safari ya treni tu. Ilibidi tugawanye mzigo kwa pande zote mbili, na upande uliokuwa mgumu zaidi haukuwa wa mwajiri.

Mwajiri tulikutana naye baada ya wiki kadhaa. Meneja aliitwa Camilla, mwanamke kijana, si mtu mbaya, mwenye wafanyakazi wengi kuliko ambao yeyote angeweza kuwafahamu. Alikuja na pendekezo: mafunzo ya kupumua na kutulia, kila Alhamisi baada ya kazi.

"Ni mafunzo mazuri," nikasema. "Saa hizo nani atamwinua mume wake?"

"Mume wake ana nini?" Camilla akauliza.

Nikamgeukia Consolata. Hilo lilikuwa lake kusema, si langu.

"Mume wangu alipigwa na kiharusi," akasema kwa Kiswidi, polepole, kila neno peke yake. "Miaka miwili. Sikusema kwa sababu niliogopa mtasema sitaweza kazi."

Camilla aliweka kalamu chini. Akasema, "Nimekuwa nikikupigia Jumapili. Nilikupigia kwa sababu wewe hukatai."

Siku hiyo tuliandika mambo matatu. Nyumba za asubuhi zipunguzwe, na mwendo wa kati yake uhesabiwe na mtu aliyeutembea. Tafsiri iwe kazi yenye saa zake ndani ya ratiba, au isiwepo. Na kabla mwezi haujatoka, Consolata akae na wanaopanga ratiba awaambie mzee gani anahitaji nini. Hilo la tatu nililipigania kuliko yote, kwa ajili ya Lennart, ingawa hakuna aliyejua.

Upande wa nyumbani ndio nilioutaja kuwa mgumu. Pascal alikuwa na haki ya kupata wahudumu kutoka manispaa. Consolata hakutaka kusikia.

"Wageni waingie kwangu wamwogeshe mume wangu? Watu watasema mke wake yuko wapi?"

"Mama Nadine," nikasema, "wewe umeogesha waume wa watu miaka mingapi?"

Kicheko kikamtoka, kile cha siku ya kwanza, mpaka akajishika mbavu. "Dada, wewe ni mbaya!"

"Wake zao ulikuwa unawasema?"

"Nilikuwa nawaambia walale kidogo," akasema.

Wahudumu walianza mwezi uliofuata. Yule aliyekuja asubuhi alikuwa kijana wa Kiswidi aliyependa mpira, na Pascal, niliambiwa, alianza kunyolewa ndevu kwa hiari yake.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Kwa miezi ya kwanza Consolata hakuweza kusikia redio na sauti ya mtu kwa wakati mmoja. Alikwenda kununua sukari, akarudi mikono mitupu kwa sababu rafu zilikuwa na aina nyingi. Alirudi kazini robo ya muda, akaona ni aibu, akaomba nusu mapema kuliko tulivyokubaliana, na mimi nikakubali kwa kuwa aliniomba vizuri. Ndani ya wiki mbili alikuwa kitandani tena. Kosa hilo pia ni langu, liandikeni chini ya lile la kahawa. Tukaanza upya. Ilichukua karibu miaka miwili. Mpaka leo hafanyi kazi muda wote, na akiingia kwenye maduka ya Hallunda siku ya Jumamosi hutoka haraka. Watu hawa wakipona hawarudi walivyokuwa. Wengi huniambia hawataki kurudi walivyokuwa.

Kwa hiyo, mtu akiketi mbele yenu akasema yuko sawa tu, muulizeni maswali ya Gunilla. Anaamua nini? Anangojewa na nani? Anaweza kumwambia nani kwamba hawezi? Na mkimpata anayesifiwa kwa kutokataa kitu, mpeni muda mara mbili. Wavivu hawaji kwetu. Katika miaka yangu yote sijamwona hata mmoja aliyeungua kwa sababu alikuwa dhaifu. Niliona wale waliokuwa wakishika ncha mbili za meza, kazini na nyumbani, na hakuna aliyeuliza kama wanaweza kuiweka chini kidogo.

Mimi mwenyewe naendelea vizuri, kwa wale mlioniuliza. Nalala mpaka saa moja asubuhi, jambo ambalo linamshangaza mume wangu. Nimejifunza kupanda nyanya kwenye roshani, zimezaa tatu, mbili kati yake zikaliwa na ndege.

Mwezi wa Juni Nadine alimaliza shule ya sekondari, nami nikaalikwa. Mnajua siku hizo zilivyo hapa, watoto na kofia zao nyeupe, malori yamepambwa matawi, kelele mji mzima. Sherehe ilikuwa kwenye nyasi nyuma ya majengo yao Alby. Pascal alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa tai. Wanawake wa kanisani ndio waliopika, na Consolata alikuwa ameketi kwenye blanketi, amevua viatu, amenyoosha miguu juani.

Nikaketi kando yake na sahani yangu. Aliuma chapati, akatafuna, akatafuna tena.

"Dada," akaninong'oneza, "wameukanda unga kidogo sana. Hizi chapati ni ngumu kama ubao."

"Utawaambia?"

Aliwatazama wale wanawake kule mezani, wanavyohangaika na masufuria na kuitana. Nikaona bega lake likianza kuinuka, kama mtu anayetaka kusimama. Kisha likashuka.

"Hapana," akasema, akachukua nyingine.